Korti Katika Shamba la Phanice

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ngo, ngo, ngo! Karani aligonga mlango mara tatu na korti nzima ya Kitale ikasimama, hata mlevi aliyekuwa akisinzia. Hakimu akaingia. Mawakili wakainama. Sauti hiyo haijanitoka masikioni. Miaka miwili nasomea usaidizi wa kisheria chuoni Bungoma, na sikuwahi kuiona sheria ikipita hivi mbele yangu. Jioni nilijifunza kuinama mbele ya kioo hadi kiuno kikauma.

Jumanne, 4 Machi
Madam Jepchumba, msimamizi wetu wa mafunzo, katupa kazi. Phanice, mjane wa kijiji cha Kwanza, anasema jirani yake Kizito amelima akavuka mpaka. Mvua iko karibu. Wasipopatana Alhamisi mbele ya wazee, Phanice hapandi mahindi mwaka huu. Twende tuwasaidie, mimi na mwenzangu Kipkirui.

Tulipofika kwake, Kipkirui alimuuliza mama huyo anapanda mbegu gani. Swali gani hilo! Mimi nilimsomea hoja zangu, kurasa kumi na nne. Alisikiliza zote, kisha akamuuliza Kipkirui, ati huyu msichana amesema nini?

Alhamisi, 6 Machi
Suti nyeusi, kola nyeupe. Shamba halina mlango, kwa hiyo niligonga jembe kwa jiwe mara tatu na kuwaamuru wazee wasimame. Mmoja ana miaka themanini na magoti mabovu. Wakasimama! Nikawainamia. 

Kizito akadakia. Ahaa, Phanice amekuja na wakili? Basi na yeye anaenda kutafuta wakili wake, kesi iende hadi Desemba. Nikamwambia mimi si wakili. Akasema, bana, wakili akikana uwakili, huyo ndiye wa kuogopwa. Akachukua baiskeli. Phanice akanigeuzia mgongo. Afadhali angenitukana.

Kipkirui alimfuata, akavua viatu, akamwomba amwonyeshe mahali marehemu baba yake Kizito alipopanda mikonge ya mpaka. Wakatembea, sisi nyuma. Saa nzima Kipkirui hakusema ila "ehe". Hatua sita ndani ya sehemu aliyolima Kizito, Mzee Wakoli, mmoja wa wale wazee, akafukua kwa fimbo yake kisiki cha mkonge, kimekatwa na trekta. Kizito akavua kofia. Akaenda kuleta mche wa mkonge, yeye na Phanice wakaushika pamoja, wakaupanda palepale.  Nilisisimka mwili mzima. Ukuu wote ule, na miguu imejaa matope!

Ijumaa, 7 Machi, Bungoma
Asubuhi Madam aliniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu: kusikiliza. Nilimaanisha kwa moyo wote. Akasema, Nasimiyu, sasa unakomaa.

Jambo kubwa hivi siwezi kukaa nalo peke yangu. Nimeshaandika hotuba, "Namna ya Kusikiliza", kurasa thelathini na mbili. Jioni hii nimewatumia wazee wote wa Kwanza barua za mwito. Nitawahutubia kwa saa tatu mfululizo. Maswali hayataruhusiwa.