Mistari Miwili kwenye Chupa ya Miwani

Jumatatu, 3 Machi
Kipimo changu cha minyoo kimekamilika. Tone moja la damu, unasubiri kidogo. Mstari mmoja, huna minyoo. Miwili, unayo. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Miwani, naye ametengeneza chake. Alhamisi mkuu wa maabara atachagua kimoja kipelekwe zahanati. Namhurumia Miwani.

Jumanne, 4 Machi
Mkuu kasema mimi na Miwani tutoe damu ya kujaribia, maana sisi ni wazima. Nikaijaribu yangu kwanza kwa siri. Mistari miwili! Nikarudia. Miwili, tena imekoza. Kipimo kimekosea? Haiwezekani. Mimi nina minyoo? Haiwezekani zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Wenzangu walipoenda kula, nikabadilishana lebo za chupa zetu za damu. Damu yangu sasa ina jina la Miwani. Nikarudi mezani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi
Mbele ya wote, kipimo changu kikaonyesha Miwani ana minyoo. Kipimo chake, kwa damu hiyohiyo, kikasema hana. Nikampa pole. Hakukasirika. Akaomba choo chake kipimwe kwa darubini. Hawakuona hata yai moja la minyoo. Mkuu akanigeukia: “Kipimo chako kinawasingizia watu.” Cha Miwani kimechaguliwa.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kachoka. Anasema nakula kama watu watatu na suruali zinanivuka. Kanipeleka hospitali mwenyewe. Choo changu kimejaa mayai ya minyoo. Kwa hiyo kipimo changu kilikuwa sahihi kabisa! Siwezi kumwambia mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Kipimo cha Miwani hakioni minyoo. Kikifika zahanati, wagonjwa wataambiwa ni wazima na kurudishwa nyumbani.

Jumatatu, 10 Machi
Nikajikaza. Nikamwambia mkuu kwamba huenda chupa zilichanganyika, zenyewe tu. Akanitazama mpaka nikaangalia viatu. Akasema cha Miwani hakiendi popote kwanza. Kesho tutatolewa damu upya, na muuguzi ataandika lebo mwenyewe. Haki imepatikana! Tatizo ni moja: wote watajua minyoo ni ya nani. Nimeshazungumza na shemeji, kaka yake mke wangu. Atavaa koti langu na barakoa, atoe damu kwa jina langu. Muuguzi ni mgeni, hajui sura zetu. Shemeji ana afya tele. Anaishi kwetu, tunakula sahani moja, na siku hizi naye anakula kama mimi.