Malalamiko Kuhusu Mikono ya Binti Yangu

Kwa Mwalimu Mkuu,

Mwalimu, shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na mwenye subira, maana ni ndefu na elimu yangu iliishia darasa la sita.

Umetuandikia wazazi kwamba Ijumaa kamati itaamua kama darasa la lugha ya alama liendelee, au watoto viziwi warudi kule walikokuwa, kukaa mikono mezani na kukodolea macho midomo ya mwalimu. Umesema mwenye malalamiko alete kwa maandishi. Mimi ninayo. Naomba darasa lifungwe, kwa sababu hizi:

1. Binti yangu alikuwa mtulivu mno. Miaka saba wageni walinisifu kwa malezi. Akiugua alilia tu, nami nikapapasa tumbo, kichwa, sikio, mpaka nibahatishe. Sasa anaeleza. Kwamba ni jino, la kushoto, tangu jana, na kwamba jana hiyo alinionyesha nikajifanya nina kazi. Jamani, mtoto wa miaka minane anamsuta mamake?

2. Maswali. Mimi ni fundi cherehani. Ndugu zake wanaosikia nawajibu huku nakanyaga pedali. Huyu lazima nisimame, nimgeukie, nimtazame usoni, nitumie mikono yote miwili. Juzi aliuliza jua likizama linalala kwa nani. Nilipomaliza kueleza, nikashona mkono wa blauzi ya mteja mahali pa shingo.

3. Shuleni wamefundishana kumpa kila mtu jina la alama, kwa jambo moja linalomtambulisha. Huku nyumbani kagawa majina kama pipi. Jirani ni Buruta-Kandambili. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, aliona jina lake ni vidole vinavyopepea kutoka puani, akadhani anasifiwa kwa kunukia. Akajitambulisha hivyo barazani mwezi mzima. Kumbe ni Mkoromaji. Sasa bibi naye amejifunza alama ili apate kumgombeza, na kutwa wanagombana huku wanacheka, sisi wengine hatupati nafasi.

4. Anaongopa. Wiki jana kikombe kilivunjika, akanitazama machoni akaniambia, kwa alama safi kabisa, kwamba ni paka. Mwalimu, hatuna paka. Ni uongo wake wa kwanza tangu azaliwe. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka ndugu zake wakadhani nimekatwa na kigae.

5. Na sasa anasoma. Mwalimu wake anamwonyesha neno kwa mkono, kisha analiandika ubaoni, naye ameshika yote mawili. Anasoma mabango, anasoma karatasi za dawa, amesoma daftari langu la vipimo na kutangaza kiuno cha mke wa mwenye nyumba. Tukimwachia hivi atataka sekondari. Akitoka huko atataka uwakili, na kwa ubishi ule kesi atashinda, atanunua nyumba mji mwingine, nami nitazeeka peke yangu na cherehani. Nani atawajibika kwa hasara hiyo, kama si kamati?

Kwa hiyo naomba nirudishiwe mtoto wangu wa zamani, yule wa kubahatisha.

Wasalimie walimu wote, mpishi na mlinzi wa geti. Mwalimu wa alama mwambie sina ugomvi naye, isipokuwa huo niliouandika hapo juu.

Ni mimi, mzazi wako mtiifu,
Mama wa yule anayekaa dawati la mbele.

Nyongeza: Nilikwenda kutafuta bahasha, nikarudi nikamkuta binti ameisoma barua hii yote. Ndiyo barua ya kwanza kusoma maishani mwake. Kwenye habari za bibi alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akaweka kidole kwenye neno "lifungwe", akaniuliza kwa mikono: "Mimi nitaongea na nani?"

Mwalimu, niliweka bahasha chini nikashika tena kalamu. Tafadhali ihesabu barua hii upande wa wanaotaka darasa libaki. Yale masomo ya alama kwa wazazi, ya Jumamosi, tuandikishe mimi na bibi yake. Na Ijumaa tutakuja mbele ya kamati, mimi na binti yangu. Naomba mtuketishe penye mwanga, ili kila mtu aone anachosema.