Jungu la Umeme Lichukuliwe, Kuni Zangu Zirudi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Ahadi za Tabianchi,

Shikamoo. Kama umri wako ni mdogo kuliko wangu, basi unirudishie, wala sitaona vibaya.

Mimi ni mpishi wa shule ya msingi, watoto mia mbili na kumi na wanne ukichanganya na wale wawili wa mwalimu mkuu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mstari ukipinda unyooshe wewe mwenyewe. Leo ni siku ya tisa watoto hawajala kitu cha moto, na wengi wao chakula cha shule ndicho chakula chenyewe cha siku. Malalamiko nimeyapanga kwa namba ili usichoke.

1. Redio ilisema, "Tumeiahidi dunia kupunguza hewa ukaa." Nikajiuliza, tumeahidi akina nani? Mimi sikuwepo. Lakini nimezoea. Baba watoto naye hualika wageni kwa sauti kubwa barabarani, kisha ndipo anageuka kuniuliza, "Mama, ndani kuna nini?" Yeye angalau huuliza.

2. Hiyo hewa ukaa nilidhani ni hewa ya watu wanaokaa tu bila kazi. Nikafurahi kweli, nikasema sasa shemeji yangu atainuliwa kwenye kochi. Kumbe mkaja kwangu, mimi ambaye tangu alfajiri sijakaa! Mkabeba kuni zangu zote kwa lori, na lori lile, Mheshimiwa, lilitoa moshi ambao jiko langu halijawahi kuutoa tangu nianze kazi.

3. Mkaniletea jungu la umeme. Ni zuri, sikatai, linang'aa mpaka najiona kidevu. Ila umeme wa mgao unakatika kukipambazuka, unarudi saa tisa alasiri, watoto wakiwa wameshafungasha madaftari. Kuna binti wa darasa la kwanza tunamwita Pengo. Kila siku anachungulia mlangoni, "Mama Mpishi, umeme umekuja kula?" Namwambia bado, mwanangu. Ananijibu, "Basi tumsubiri, tusianze bila yeye." Nikageukia ukutani nikajifanya napanga sahani.

4. Hii imenitoka. Ikirudi nitaiandika.

5. Maharage yenyewe siku hizi ya kutafuta kwa tochi. Mvua imegoma, na wanasema kuna vita huko mbali, basi mafuta ya kupikia nayapima kwa kizibo cha chupa. Debe moja nililoweka nikisubiri umeme, nikasubiri, yakaota. Mwalimu wa sayansi akayachukua kufundishia. Watoto wakayachora, na sijaona maharage yaliyochorwa kwa upendo namna ile.

6. Eh, hii ndiyo ile ya nne. Afisa mazingira alikuja na fomu, akachungulia bomba la moshi, akaona peupe, akaandika, "Lengo limefikiwa, asilimia mia." Nikamwambia, "Mwanangu, hakuna moshi kwa sababu hakuna kilichopikwa." Akanijibu kwa adabu tu, "Mama, fomu haina sehemu ya chakula." Kisha akanipa cheti cha Jiko la Mfano. Nimekibandika. Watoto wanakisoma saa ya kula.

7. Sasa nimewaza sana, Mheshimiwa, mpaka kichwa kinauma. Kama kutopika ndiko kutimiza ahadi, si haki sifa yote ichukuliwe na watoto wa shule. Naomba jiko la ofisi yako lizimwe kuanzia Jumatatu, pamoja na hoteli zote mnakofanyia mikutano ya tabianchi. Jumanne tuzime nchi nzima. Ijumaa tutakuwa tumeipita ahadi, na mtu akizimia kwa njaa azimie palepale, asitembee, maana nasikia kuhema sana nako kunatoa hiyo hewa.

Kama hilo ni gumu, basi ombi langu ni dogo: jungu lichukuliwe, kuni zirudi, na msiniletee tena chombo chochote cha umeme maisha yangu yote. Nataka watoto wale. Ahadi yangu ni hiyo moja, na niliitoa mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Nisalimie mama watoto wako, wasaidizi wako, dereva wa lile lori (mwambie alisahau kofia yake kwangu), na hiyo dunia mliyoiahidi, mkikutana nayo.

Ni mimi mama yenu, ninayewawazia kama mmekula,

Mpishi wa Shule

Nyongeza: Barua ilikaa siku tatu kwa kukosa bahasha, na mambo yamegeuka. Jungu lenu lilikuja ndani ya sanduku kubwa la mbao, mbao nene, kavu kabisa. Nimelipasua. Siku tatu hizi watoto wamekula maharage ya moto mpaka wakakwangua sufuria, na Pengo ameongezwa mara mbili. Moshi ulikuwepo, lakini ni moshi wa Wizara yenyewe. Kwa hiyo yale ya kusema msilete chombo cha umeme, yafute. Tafadhali leteni majungu mengine matano kabla ya Jumatatu, na msiyatoe kwenye masanduku.