Mnyororo wa Plau na Mashine ya Nanga

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Wiki ya tatu ya ndoa. Tamu! Asubuhi nilimtazama Nzilani wangu akivuta maji kisimani kwa kamba, ndoo baada ya ndoo. Viganja vimemchubuka. Nikiwa pale kivulini, moyo uliniuma sana. Nimeapa: kamba hiyo basi! Pete yake ya ndoa inang'aa kwenye kidole gumba. Niliinunua kwa kukadiria, na kwenye vidole vingine inachomoka. Anasema si neno. Upendo ulioje!

Jumanne, 4 Novemba

Dawa imepatikana. Muturi, muuza vyuma chakavu hapa sokoni Ikutha, ameletewa mashine iliyong'olewa kwenye boti kule Mombasa. Kazi yake ilikuwa kuvuta nanga. Kama iliinua nanga baharini, ndoo ni nini? Nimempa baiskeli yangu. Muturi alisema gurudumu la mashine lina vishimo, na kila kiungo cha mnyororo lazima kilale ndani ya kishimo chake, la sivyo utaruka. Eti nipime kwanza. Wauzaji na maneno!

Jumatano, 5 Novemba

Nimeifunga mashine juu ya kisima. Inapendeza! Mnyororo sina, lakini ule wa Baba, ambao maksai huvutia plau, umening'inia stoo bila kazi. Mvua yenyewe iko wapi? Nimeuazima kimyakimya.

Musyimi, jirani aliyemtaka Nzilani kabla yangu na hajapona, aliegemea ua akaniuliza, "Habari za bahari, nahodha?" Wivu.

Nzilani alijaribisha kiungo kimoja kwenye kishimo. Hakikuingia.

"Kyule, ulipima?"

Nikamwambia mapenzi hayapimwi. Akarudi kwenye kamba yake. Nadhani aliguswa.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku ya uzinduzi. Viungo vilikaa juu ya vishimo kama mtu mzima kwenye kiti cha chekechea. Nikavipiga nyundo. Vikakubali, nusunusu. Nikamwita Nzilani, Baba, hata Musyimi aje aumie.

Ndoo ilishuka vizuri. Kupanda, ole wangu! Mnyororo uliruka, gurudumu likazunguka ovyo, mkono wa kuizungushia mashine ukanikosakosa kidevu, na mnyororo wote ukakimbilia kisimani na ndoo yake. Ncha ya mwisho sikuwa nimeifunga popote. Nani angefikiria hayo?

Kisha ngurumo. Baba alitazama mawingu, akatazama kisima.

"Huo ni mnyororo wangu wa plau?"

Nilieleza kwamba ni kwa sababu ya mapenzi. Musyimi alikohoa muda mrefu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua usiku kucha! Majirani wote wanalima. Maksai wetu wamesimama wakinitazama. Baba amesema udongo ukikauka kabla ya mbegu kuingia, mwaka huu tutakula mashine yangu.

Nzilani alivua pete, akaiweka dirishani, akafunga kulabu kwenye ile kamba yake, akaanza kuvua kisimani. Musyimi alisaidia kuvuta. Mimi nilitoa maelekezo. Mnyororo ukapanda, na ndoo pia. Baba akashika plau bila kuniangalia, Nzilani akaongoza maksai. Matope hadi magotini. Mrembo!

Jumamosi, 8 Novemba

Nusu ya shamba imepandwa. Nzilani ameniomba, kwa ile sauti yake ndogo, nimrudishie Muturi mashine. Anajua kuujaribu moyo wa mwanamume, huyu!

Nimeenda sokoni peke yangu. Muturi ana mnyororo mwingine, mwembamba, wa kuvutia kabisa. Aliuliza upana wa vishimo. Nikamwonyesha kwa vidole. Aliuliza tena, kwa upole, kama nina hakika. Nina macho, nilimjibu.

Sikuwa na cha kumpa, ila ile pete ya dirishani; nikaifuata nyumbani, nikampa. Haimkai Nzilani vizuri hata hivyo.

Sasa hivi Nzilani anaitafuta chini ya kitanda, taa mkononi, machozi yanamlengalenga. Nimejikaza, sijasema neno. Kesho tukitoka kanisani nataka aukute mnyororo mpya juu ya kisima. Atafurahi huyo!