Mkalimani wa Bangili ya Kushoto

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na mbele ya mashahidi wanne wenye akili timamu, natangaza kwamba mimi ndiye Mkalimani Mkuu wa lugha ya Kihindi katika Benchi Tukufu lililo mbele ya duka la Fundi Waya. Cheo hiki nilikishika wiki tatu na siku mbili za likizo bila kupingwa. Benchi lenyewe lina miguu mitatu. Wa nne ni betri ya gari iliyokufa, na ukikalia upande ule suruali inarudi nyumbani na tundu.

Fundi Waya anatengeneza televisheni. Ile anayotuwekea nje ameiunga kutoka kwenye maiti sita: kioo cha moja, tumbo la nyingine, na spika za ukumbi wa harusi uliofungwa. Haina kitufe hata kimoja. Bila rimoti ni kabati tu. Inakamata stesheni moja, ya Kihindi, ambayo kila siku saa kumi alasiri huonyesha Bangili ya Kushoto. Majina ya watu wake hatuyajui, kwa hiyo tumewabatiza wenyewe: Masharubu, Bibi Bangili, Msichana, na Kijana wa Farasi. Wanachosema ninakijua mimi, kwa sababu shuleni kwetu, bwenini, kitanda cha chini yangu analala mwanafunzi anayeongea Kihindi. Hilo ni kweli tupu na niko tayari kuliapia.

Basi juzi, saa tisa na nusu, Fundi Waya akatoka dukani na bisibisi nyuma ya sikio na simu mkononi.

"Jamani, habari imetoka! Stesheni imetangaza. Kuanzia leo Bangili ya Kushoto inazungumza Kiswahili."

Moyo wangu ulisimama, ukapiga saluti, ukaendelea.

"Kiswahili hiki hiki?" akauliza Mama Vocha kutoka chini ya mwavuli wake, anapouza vocha huku akiangalia tamthilia kwenye simu.

"Kwani kuna kingine? Wameajiri watu wa kuingiza sauti."

"Afadhali," akasema Pasi. Pasi ni dobi. Meza yake inagusana na benchi letu, naye hubishana huku akinyoosha nguo, hivyo shati la mteja hutoka kulingana na mada ya siku hiyo. "Maana huyu mkalimani wetu simwelewi. Mtu anaongea maneno mia, yeye anatupa matatu. Mtu anasema neno moja, yeye anatupa hotuba."

"Ni lugha nzito, mzee," nikasema. "Neno moja limebeba mengi."

"Wiki iliyopita Bibi Bangili alipiga chafya, ukatafsiri."

"Ilikuwa chafya ya huzuni."

"Mwacheni kijana," akasema Mzee Wembe.

Wote tukamgeukia. Mzee Wembe ndiye kinyozi wa mtaa, na siku hiyo alikuwa amejinyoa mwenyewe na kuvaa shati jeupe, kwa sababu saa kumi na moja wajomba zangu walikuwa wanakuja kwake kusikia jibu. Kaka yangu, dereva wa lori la mchanga, anataka kumuoa binti yake. Mara ya kwanza Mzee Wembe alikataa katakata, na sababu yake ilikuwa ya kitaalamu. Mwaka jana kaka alikaa kwenye kiti chake, akanyolewa nusu kichwa, bosi akapiga simu, akaondoka na nusu ile. Alirudi baada ya siku mbili. "Mtu anayeacha kichwa chake njiani," Mzee Wembe aliwaambia wajomba, "mwanangu atamfikisha wapi?"

Lakini katika wiki hizi tatu, kwa bahati ambayo sikutaka kuichunguza, ilitokea kwamba Masharubu naye alimkatalia binti yake, Msichana, asiolewe na Kijana wa Farasi. Akateseka sana. Usingizi ukamtoka, chakula kikamshinda, mkewe Bibi Bangili akalia hadi akapofuka. Siku Masharubu alipopiga magoti kwenye majivu na kulia, "Laiti ningemkubali yule kijana, hata kama alikuwa na kasoro ndogo ya nywele," Mzee Wembe alifunga saluni mapema akaenda nyumbani kumkumbatia binti yake.

"Yule Masharubu amenifundisha ubaba," akaendelea sasa. "Wajomba wakiniuliza, najua cha kujibu. Nataka tu nimsikie mara moja kwa sauti yake, kwa Kiswahili, halafu niende."

Nikaitazama rimoti iliyokuwa imelazwa kwenye benchi.

"Mzee na mvi zako," akasema Pasi, "unafundishwa na tamthilia ya Kihindi?"

"Pasi ana chuki," akasema Mama Vocha.

"Sina chuki, nina macho! Mtu anapigwa kofi. Jumatatu mkono unanyanyuka. Jumanne unasafiri. Jumatano tunaonyeshwa uso wa shangazi, uso wa mpishi, uso wa mbuzi, radi inapiga. Shavu linafikiwa Ijumaa!"

"Ndiyo utamu wenyewe. Kofi la kwetu linaisha kabla hujakaa vizuri."

"Na upepo? Mtu yuko chumbani, madirisha yamefungwa, nywele zinapepea. Zake peke yake! Pazia limetulia."

"Wana feni."

"Feni inayomjua mtu?"

"Wivu tu huo, kwa kuwa wewe huna nywele."

Pasi akaigandamiza pasi juu ya kola ya mteja asiye na hatia. "Haya, na wanavyolala? Mkufu, hereni, bangili kumi na nne. Mimi nikilala na saa tu, mkono unakufa ganzi. Mtu anaviringika mlimani kutoka juu mpaka chini, anasimama, nguo haina mkunjo! Nani anazinyoosha? Sehemu mia tatu, dobi hajaonekana hata siku moja!"

"Kumbe ndicho kinachokuuma," akasema Fundi Waya.

"Waonyeshe hata mkono wake tu!"

"Mimi nimehamia hizi mpya za simu," akasema Mama Vocha. "Sehemu nane, mchezo umekwisha. Hakuna kuimba wala kucheza. Askari mmoja hapatani na mkewe, anatafuta muuaji."

"Muuaji ni nani?"

"Sijui. Hawawashi taa. Nimeangalia zote nane, nimeona tochi na nusu ya uso."

"Za zamani zilikuwa na heshima," akasema Fundi Waya kwa uchungu. "Shujaa anapigwa risasi saba, anaomba maji, anamwita mama yake, anaimba beti nne, ndipo anakufa. Wa siku hizi anakufa kimya kimya kama mtu anayewahi miadi."

Wakiwa katika mjadala huo wa kitaaluma, mkono wangu wa kushoto, ambao siwezi kuusemea kila wakati, ulipita juu ya rimoti.

Saa kumi ilipofika Fundi Waya aliibonyeza. Kimya. Akaipiga kwenye goti. Kimya. Akaifungua mgongoni.

"Betri zimekwenda wapi?"

Macho yote yakamgeukia Pasi, kwa sababu mwaka juzi aliwahi kuziazima kwa ajili ya redio yake.

"Mimi tena? Mbele ya watu?"

"Maadili yameporomoka sana," nikasema, nikatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hamna shida," akasema Fundi Waya. "Mnadhani naitwa Waya kwa bahati?" Akazunguka nyuma ya ile televisheni, akachungulia tumboni mwake, akagusanisha nyaya mbili. Cheche zikaruka, kioo kikawaka, na zile spika za ukumbi zikapiga kelele ambayo iliwafanya wapita njia upande wa pili wa barabara wasimame.

"KARIBU, MTAZAMAJI," ikanguruma sauti ya kiume, kwa Kiswahili kilichonyooka. "KABLA HATUJAENDELEA, MUHTASARI WA YALIYOPITA."

Sikuwa nimefikiria kwamba kungekuwa na muhtasari. Kosa la kitaalamu.

Msichana akatokea, amemshika mkono Kijana wa Farasi.

"NA HUYU NI MDOGO WAKE WA DAMU, MPANDA FARASI, AMBAYE DADA YAKE AMEMLEA TANGU UTOTONI."

"Mdogo wake wa nini?" akauliza Mama Vocha.

"Wa damu," akasema Pasi, na pasi ikabaki hewani.

"Lakini wale si wachumba? Huyu mkalimani alituambia wachumba! Jumamosi alitafsiri shairi!"

"Kuna lahaja mbili..." nikaanza.

Bibi Bangili akatokea na miwani yake myeusi.

"BIBI HUYU HUVAA MIWANI MYEUSI ILI ASITAMBULIWE NA POLISI."

"Si kipofu?" Mama Vocha akasimama, vocha zikamwagika. "Nilimwombea macho! Wiki nzima, kwa jina la Bibi Bangili!"

Kisha akaja Masharubu. Alikuwa amepiga magoti kwenye yale majivu, machozi yanamtiririka. Mzee Wembe alisogea mbele hadi pua yake ikakaribia kioo.

"NAYE WAKILI WA FAMILIA, AMBAYE HAJAWAHI KUOA WALA KUPATA MTOTO, ANAOMBOLEZA KUUNGUA KWA KIWANDA CHA VIGAE VYA BAFUNI."

Mtaa mzima ulisikia. Hata mbwa wa jirani alikaa chini.

"Zima," akasema Mzee Wembe.

"Rimoti haina betri!"

"Chomoa!"

"Nikichomoa sasa hivi inalipuka, nimeiunga kwa namna yake!"

"VIGAE HIVYO," ikaendelea sauti, "VILIKUWA VYA RANGI YA SAMAWATI."

Kuna wakati mwanafunzi wa bweni hujua kwamba mlinzi wa zamu ameshasimama nyuma yake. Niliingiza mkono mfukoni, nikazitoa. Zilikuwa mbili, na zilikuwa zimelowa jasho.

Pasi alizitazama, akanitazama. "Na mimi nimeitwa mwizi. Na wewe ukatikisa kichwa."

"Nilitikisa kwa huzuni, mzee. Ilikuwa huzuni ya kweli."

Fundi Waya alizipachika, akabonyeza, sauti ikakatika. Midomo ya Masharubu iliendelea kucheza bila neno. Mzee Wembe akaja akasimama mbele yangu na lile shati lake jeupe.

"Kihindi unakijua kiasi gani?"

"Naweza kuomba chumvi, mzee. Na kuhesabu mpaka nne."

"Na tano?"

"Shule ilifungwa kabla hatujafika."

"Kaka yako alikutuma?"

"Hapana, mzee. Hajui lolote. Yeye analala tu."

"Analala?"

"Ndiyo shida yenyewe," nikasema, na sauti yangu, ambayo mwaka huu haina msimamo, ikapanda juu. "Tunalala chumba kimoja. Anakoroma kama lori lake likipanda mlima na mzigo. Kule bwenini tuko ishirini na nne na kuna utulivu zaidi. Nikafikiri, akioa atahama, chumba kinabaki changu. Sikutaka kumdhuru mtu, mzee. Nilitaka chumba."

Mzee Wembe akakaa. Alikaa upande wa betri na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na Mama Vocha akaninong'oneza kwamba nimemuua mtu. Kumbe anacheka.

"Nimelilia vigae," akasema. "Nimefunga saluni, nimeacha mteja na sabuni kidevuni, kwa ajili ya vigae."

"Vya bafuni," akakumbusha Pasi.

Mzee Wembe akajifuta macho. "Sikiliza, bwana mdogo. Nilipomkumbatia binti yangu siku ile, aliniuliza kama naumwa, kwa sababu hajawahi kuniona hivyo tangu alipokuwa mdogo. Tukakaa, tukaongea mpaka chai ikapoa. Nikamsikiliza habari za huyo kaka yako bila kumkatiza. Hayo siyarudishi nyuma eti kwa sababu kiwanda kimeungua. Wajomba zako wakija, nitawaambia ndiyo."

Niliruka.

"Kaa chini. Kuna masharti. Kwanza, kaka yako aje kesho anyolewe kichwa kizima, na simu yake aishike Pasi."

"Nitaishika kwa mikono miwili," akasema Pasi.

"Pili, nyumba anayoijenga bado haina paa. Binti yangu hatakaa kwenye nyumba isiyo na paa. Wataanzia kwenu, mpaka imalizike."

"Kwetu wapi, mzee?"

"Kwani mna vyumba vingapi?"

Nikahesabu. Niliweza kuhesabu kwa Kihindi, kwa kuwa havikufika vinne.

"Mzee, sebuleni kuna sofa ya watu wawili tu."

"Kunja miguu."

Benchi zima likaangua kicheko, na betri ikayumba. Fundi Waya akasogeza kiti chake, Mama Vocha akaokota vocha zake, na Pasi akagundua kwamba kola ya mteja imepata rangi ya chai. Kwenye kioo, bila sauti, Masharubu aliinuka kutoka kwenye majivu, akatutazama moja kwa moja, akafungua mdomo.

Fundi Waya alikuwa ameshika rimoti. Mzee Wembe akamzuia mkono.

"Acha hivyo hivyo. Kiswahili chao hakina ladha." Akanigeukia. "Haya, Mkalimani Mkuu. Anasemaje?"

Wote wanne wakanitazama. Masharubu alikuwa ameweka mkono kifuani.

"Anasema," nikaanza, "anasema yeye ni mwongo wa siku ishirini na tatu. Anasema Pasi si mwizi. Anasema amekosa, na kama wakubwa watapenda, anaomba japo aruhusiwe kuhama na mto wake."