Wiki ya Rangi na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nina hasira. Naandika ili nisivunje kitu.

Mke wangu Serwaa yuko Tamale, kaskazini mwa Ghana, kwenye kozi ya wauguzi, wiki mbili nzima. Nimebaki na binti yetu Nhyira, miaka miwili na miezi mitatu. Kazi hakuna. Mimi hukodisha mahema na viti vya misiba, na chifu amefunga misiba mji mzima mpaka sikukuu ya viazi vikuu ipite. Marehemu wote wako mochwari wanasubiri. Mahema yangu yamelala stoo. Basi nalea.

Asubuhi Danso katuma video kwenye kundi la ukoo. Danso ni mwanyumba wangu, kaoa dada yake Serwaa, na tangu siku hiyo sijapata raha. Kwenye video binti yake Adom, mdogo kwa Nhyira kwa wiki tatu, anahesabu mpaka ishirini. Ishirini! Tena kavaa soksi. Nani anamvalisha mtoto soksi kwenye joto hili?

Mama mkwe akajibu kwa sauti yake mwenyewe, kundi zima likisikia. Kwamba Ijumaa anakuja kumpima Nhyira. Akikuta mtoto anakaa tu kama gunia, anamchukua akamlee kijijini. Kwetu Waasante mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo akitaka kumchukua atamchukua. Lakini huyu mtoto ndiye mtu pekee anayefurahi nikiingia chumbani. Hatoki hapa!

Nimepata mpango. Nimesoma kwenye simu kwamba watoto wadogo hufundishwa kwa mada, wiki moja mada moja. Danso ana namba. Mimi nachukua rangi. Ijumaa Nhyira atataja rangi tatu mbele ya bibi yake, na Danso atatafuta pa kuficha uso.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya njano. Nguo za njano, wote wawili. Shughuli ya kwanza: kutenga mahindi ya njano na maharage meupe. Nhyira katia punje puani. Dakika arobaini kuitoa.

Shughuli ya pili: kutafuta vitu vya njano uani. Kaleta kifaranga cha jirani, kamkaba shingo. Jirani ni Bi Dufie, muuza kenke, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa. Aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka stendi kama nalea mtoto au nalea mwewe. Nikamwambia haya ni mambo ya elimu, hawezi kuyaelewa. Akasema kifaranga naye hakuyaelewa.

Jioni nikashika ndizi. Nikauliza, hii rangi gani? Nhyira kasema, "Mbwa."

Nikaonyesha shati langu. Mbwa. Jua je? Mbwa.

Danso katuma video nyingine. Sikuifungua. Baadaye nikaifungua mara nne.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya nyeupe. Nguo nyeupe, poda shingoni na kifuani. Unga wa muhogo kwenye sinia, mtoto achore kwa kidole. Kachora kidogo, kala mwingi.

Tukatoka kwenda kutafuta vitu vyeupe mtaani. Kosa! Hapa kwetu nyeupe na poda ni za nyumba iliyopata mtoto. Akina mama wa sokoni walituona tu, vigelegele. Bi Dufie akanishika mkono. "We Baba Nhyira, mwizi mkubwa wewe! Mimba yote ile mliificha wapi?" Eti Serwaa kajifungua huko Tamale!

Nilitaka kukana, nasema kweli. Lakini alikuwa kashika bakuli la supu ya kuku na mayai sita. Nikasema tunamshukuru Mungu. Kumshukuru Mungu si uongo.

Saa tisa Serwaa kapiga simu, anauliza kwa nini watu watatu wamempongeza kwa mapacha. Nikaanza kumweleza faida za kufundisha kwa mada. Kakata.

Nikashika yai. Rangi gani? "Mbwa."

Alhamisi, 6 Juni

Mvua. Siku ya kijani imekufa. Danso katuma Adom anaimba siku za wiki, zote saba kwa mpangilio. Mama mkwe kampigia makofi.

Namchukia mtoto wa miaka miwili. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo ilivyo.

Habari njema: inasemekana mguu wa mama mkwe umevimba, na leo hapokei simu. Labda hatakuja. Bi Dufie aliniuliza anaendeleaje. Nikasema, kwa matumaini, kwamba hali si nzuri kabisa.

Hata hivyo najiandaa. Tatizo ni kwamba nimefundisha kidogo kidogo, na mtoto anataka kitu kikubwa akikumbuke. Kesho ni nyekundu. Kesho nafungua stoo.

Ijumaa, 7 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshasimamisha hema kubwa uani. Mapazia mekundu pande zote. Yana nyeusi pembeni kwa sababu ndivyo yalivyoshonwa, siwezi kufumua mali yangu kwa ajili ya somo moja. Viti sitini kwa mistari, tupitie na kuhesabu kidogo. Utepe mwekundu kichwani kwa Nhyira, mwingine getini, ajue darasa linaanzia wapi. Alifurahi mno! Alitambaa chini ya viti akicheka. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilijiona mwalimu.

Nikaingia jikoni kupika maharage ya mawese, chakula chekundu. Nikakata vitunguu vinane.

Natoka, machozi yananitiririka, nakuta watu kama thelathini wamekaa. Wamevaa nyeusi na nyekundu, rangi zetu za msiba. Bi Dufie akanirukia shingoni. "Mama wa watu jamani! Na jana tu umesema hali si nzuri!"

Nikasema hapana, hili ni somo. Akaniambia nilie tu, mwanamume akibana machozi huwa wazimu.

Ningewaeleza. Lakini akatokea Danso. Kavaa shuka jeusi, limepigwa pasi kabisa! Mtu anakaa na shuka la msiba tayari kwa ajili ya mama mkwe aliye hai? Akakaa kiti cha mbele, kiti cha mfiwa mkuu, nyumbani kwangu, chini ya hema langu, akaanza kulia kuwashinda wote. Watu wakasema jamani, huyu alimpenda kweli. Sikukubali. Nikakaa pembeni yake nikalia zaidi. Akapandisha. Nikapandisha. Tulikuwa tunakwenda vizuri, mimi naongoza kidogo.

Akaja mjumbe wa chifu, anauliza nani kathubutu kufanya msiba wakati umefungwa. Kanitoza kondoo mmoja na chupa mbili za pombe kali. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akaangalia watu, akaangalia hema, akasema wafiwa wote wapya husema hivyo.

Hapo teksi ikasimama. Mama mkwe akashuka, anachechemea. Akaona utepe. Akaona hema. Akatupa mfuko, akaanguka chini akipiga yowe, anaita jina la Nhyira. Hakuna aliyemtazama usoni. Wanawake wakamwinua, wakamkalisha, wakampa maji. Akauliza kwa shida ni nani kafa. Mmoja akamwambia ni mama mkwe wa mwenye nyumba, maskini, je, alimfahamu?

Akainua uso, akasema mama mkwe huyo ni yeye. Viti vitatu vimevunjika watu wakikimbia. Danso alikuwa wa kwanza getini.

Nhyira akatoka chini ya kiti. Bibi yake akamnyakua, akamkumbatia, akampapasa kichwa mpaka miguu. Sikupenda kuiona sura ile. Niliona aibu, nakiri.

Kisha akanigeukia, meno kayakaza. Haya, mwalimu, mtoto kajifunza nini? Nikashika pazia jekundu. Nhyira mwanangu, hii rangi gani?

Kalitazama vizuri. Kanitazama.

"Bibi kafa!"

Maneno mawili! Hajawahi kuunganisha maneno mawili! Nilipiga makofi. Peke yangu.

Jumapili, 9 Juni

Wameondoka, Nhyira na bibi yake, kwenda kijijini. Serwaa kwenye simu kasema mama yake yuko sahihi, na tutaongea akirudi, kwa ile sauti yake. Nhyira alinipungia mkono dirishani akicheka. Alidhani tunakwenda wote. Teksi ilipokata kona nilimsikia ananiita.

Nawachukia wote. Bi Dufie kwa kulia bila kuuliza. Chifu kwa kondoo wangu. Dereva wa teksi kwa kuendesha haraka. Danso kaandika, "Pole sana, mwanyumba," na chini yake kaweka video ya Adom anafunga vifungo.

Nyumba iko kimya. Nimekaa kando ya lile sinia la unga wa muhogo, nikaona alama ya kidole chake.

Jumatatu, 10 Juni

Nimetuliza akili na nimeona kosa lilikuwa wapi. Rangi! Rangi ni kitu cha hewani, mtoto hawezi kukishika. Mtoto anataka watu na vitendo.

Mada mpya: Watu Wanaotusaidia. Rafiki yangu anaendesha gari la wagonjwa, na Alhamisi ana nafasi. Tutaingia kijijini alfajiri, king'ora kikilia, mimi nimelala kwenye machela, nimefungwa bendeji kichwa kizima, Nhyira aone kwa macho yake mama yake hufanya kazi gani. Mama mkwe sikumwambia. Nataka afurahi ghafla.