Nyota Moja ya Mireille

Njoni, enyi wakazi wa vilima vya Bukavu! Wekeni chini mizani, enyi wauza samaki wa sambaza. Zimeni pikipiki zenu, enyi wana wa barabara. Na nyinyi wasomi mliotundika shahada zenu sebuleni juu ya televisheni, nyinyi hasa, sogeeni mbele mkae penye kusikika, kwani habari hii inawahusu kuliko mtakavyopenda. Ewe ulimi usio na mfupa, leo usiteleze. Nisaidie niseme jinsi Mireille binti Zagabe, asiye na mkuki wala cheo, alivyoinua kidole kimoja akaipiga Amana Royale mbele ya macho ya ulimwengu wote, au tuseme mbele ya macho ya wale wenye mtandao.

Ulizuka katika zama zetu hizi ufalme usio na ardhi, usio na mlango, usio na hata kiti cha kumkalisha mgeni. Amana Royale ndilo jina lake. Ulijigamba kutunza sarafu za mtandaoni, zile kripto zisizoshikika wala kunusika; mtu akitia dola zake humo kwa simu, huziona zikinenepa kila alfajiri kwenye kioo kama nguruwe anayengojewa na sikukuu. Na uaminifu wa ufalme huo ulisimama juu ya nini? Ulisimama juu ya cheti chenye mhuri mwekundu ambao hapakuwa na jicho lililowahi kuusoma, na juu ya picha ya jumba la vioo ambalo mpita njia yeyote wa Ulaya angeweza kulipiga picha akisubiri basi. Ulisimama juu ya meno ya mkurugenzi mkuu, meupe na mengi kupita kiasi. Na zaidi ya yote ulisimama juu ya nyota: nne nukta tisa kati ya tano, zikimeta kwenye ukurasa ambako umma hupima huduma na kuandika maoni.

Tarishi wa ufalme huo katika mji wetu alikuwa Guylain, Kinywa-Kisichokauka, mwenye suti ya buluu na viatu vilivyofika mahali kabla yake. Kila Jumamosi aliwakusanya watu katika chumba cha juu ya duka la vitenge pale Nyawera, naye akawahubiria hadi shingo zikachoka kuitikia. Walikuwamo walimu, wauguzi, mashemasi, hata wanasheria. Hawa ni watu ambao wakinunua parachichi sokoni hulibonyeza, hulinusa, hulirudisha, kisha humtukana muuzaji. Lakini mbele ya Guylain walifumba macho na kufumbua pochi. Na sheria kuu ya kusanyiko lao, waliyoiimba karibu kama zaburi, ilikuwa hii: kuweka ni imani, na kutoa ni upungufu wa imani. Basi kila mtu aliweka. Hakuna aliyetoa, maana nani anataka kuitwa Tomaso mbele ya jirani zake?

Miongoni mwao aliketi Placide, mume wa Mireille, mwalimu katika chuo kikuu, mwanamume mwema ambaye bahati mbaya yake ilikuwa kusoma sana na kuuliza kidogo. Placide alikuwa na shahada mbili. Mireille, mtunza stoo wa shirika moja la misaada, alikuwa na kidole cha shahada tu, nanyi mtaona kama hakikutosha.

Vita vilianza jikoni, kama vita vingi vya kweli. Mireille alikuwa akisonga bugali Placide alipoingia uso ukimng'aa. Mama yake Placide, Maman Agnès wa kisiwa cha Idjwi, Malkia wa Mananasi, aliyezaa wengi na kuzika baadhi yao na bado akalima, alikuwa amepiga simu. Kahawa yake imeuzwa vizuri. Pesa ya mabati imetimia, ile aliyoingojea tangu upepo ulipompasulia paa. Lakini Guylain amezungumza naye kwa simu, naye Maman Agnès sasa anakuja Jumamosi kwa boti, pesa ziko kiunoni, aziweke kwanza Amana Royale zizae, ndipo ajenge nyumba yenye ghorofa.

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Papa Luc," akasema Mireille, kwa maana mtoto wao mkubwa aliitwa Luc, "ile feza mulitia kule, ilishatoka hata kidogo?"

Placide akasafisha koo kama aliye mbele ya wanafunzi. "Mama Luc, swali lako linaonyesha kwamba mentalité yetu ingali nyuma! Ulimwengu umeacha benki, umeacha makaratasi, umeingia katika enzi mpya! Angalia simu yangu. Jana ilipanda. Leo imepanda tena. Kesho itapanda!"

"Sikuuliza kama inapanda. Hata moshi unapandaka. Nimeuliza kama inatoka."

Placide akairudisha simu yake mfukoni.

Sasa jueni kwamba Mireille mwenyewe alikuwa na kiasi kidogo humo, bei ya kitenge kimoja kizuri, alichokitia miezi kadhaa nyuma ili mumewe aache kumsumbua. Kitenge hicho alikuwa amekipenda kwa dhati, cha rangi ya bahari na ndege wa njano, na kila alipopita Nyawera alikiona bado kinaning'inia, kikimlaumu. Siku iliyofuata, saa ya mapumziko, akajifungia stoo kati ya katoni za sabuni na marobota ya mahema, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akaishika simu kama shujaa ashikavyo ngao. Mtandao ulikuja, ukaenda. Ukaja tena. Akakitafuta kitufe cha kutoa pesa, ambacho wajenzi wa ufalme walikuwa wamekificha chini kabisa kama choo cha wageni, akakibonyeza.

Ikanguruma simu. Akatokea mjumbe wa ndani ya mashine, aliyejiita Sophie, akiwa na ua jekundu pembeni ya jina lake.

"Mpendwa Mireille! Ombi lako limetufurahisha. Ili pesa yako itoke, tafadhali lipa kwanza ada ya uthibitisho."

"Kateni ada humo humo ndani ya pesa yangu, munipe inayobaki," akaandika Mireille.

"Mpendwa Mireille, kwa usalama wako, hilo haliwezekani."

"Donc mimi nilete pesa ili nipewe pesa yangu?"

Sophie, aliyekuwa akijibu haraka kuliko mwanadamu apumuavyo, akatoweka. Ua lake jekundu likazimika pamoja naye.

Hasira ya Mireille haikupanda kwa kelele. Ilishuka, ikatulia kifuani, ikawa nzito. Akafungua ule ukurasa wa nyota na kuanza kusoma sifa za Amana Royale moja baada ya nyingine, kama mchambua maharage. Espérance wa Kindu aliandika: "Nimefurahi sana, pesa inaingia kwa wakti." Jonas wa Lyon, huko Ufaransa, aliandika: "Nimefurahi sana, pesa inaingia kwa wakti." Mzee mmoja wa Kigoma, fundi wa saa wa Lubumbashi, mjane wa Goma, wote walifurahi sana, wote kwa neno moja, na wote, lo, walikuwa wameikosea "wakati" kwa namna ile ile. Kama Roho Mtakatifu ndiye aliyewaunganisha, basi naye alihitaji kurudi shuleni. Tena wote walisifu kuingia. Hakuna hata mmoja aliyetaja kutoka.

Ndipo kilipotendeka kitendo. Enyi milima ya Kivu, shuhudieni! Mireille alikunja vidole vyake, akabakiza kimoja, akakituma juu ya nyota ya kwanza kutoka kushoto. Nyota ya pili ilimbembeleza, hakuiangalia. Ya tatu ilimwita kwa jina la amani ya nyumbani, akaipita. Akabonyeza moja tu, na chini yake akaandika maneno haya: "Niliweka. Niliomba kidogo kitoke. Hakikutoka, waliniambia niongeze. Mireille, Bukavu." Kisha akafungua mlango wa stoo, akaenda kugawa sabuni.

Ufalme ukatetemeka, yaani Guylain akapiga simu. Alipoona hajibiwi, akaja nyumbani mwenyewe, viatu mbele, akasimama sebuleni na kunyoosha mikono miwili.

"Maman Mireille! Wewe mama wa heshima, mke wa msomi, nuru ya kartye hii, ya mtaa mzima! Ni adui gani amekushika mkono? Tumejenga confiance, imani ya watu, kwa jasho, tofali juu ya tofali, na wewe unakuja kuchomoa tofali la chini! Watu watasemaje? Ndugu zetu wa diaspora watasemaje? Futa ile nyota, nakuomba, futa mbele yangu!"

"Confiance yenu inaangushwa na kidole cha mwanamuke mumoja?" akauliza Mireille. "Basi haikuwa nyumba, papa. Ilikuwa pazia."

Placide alikaa kwenye kiti cha pembeni. Guylain alipoondoka, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Luc, unaniaibisha. Wale batu wananiita professeur."

Hilo lilimchoma Mireille kuliko hotuba yote. Alimpenda mtu huyu. Alijua jinsi chuo kilivyomlipa kwa kuchelewa, na jinsi kule Nyawera kulivyokuwa mahali pekee wiki nzima ambapo watu walisimama alipoingia. Jioni ile alikishika kidole chake juu ya neno "futa", akakiacha hapo kwa muda mrefu. Na wakati huo huo, ua jekundu likarudi. Sophie alikuwa amefufuka! Mpendwa Mireille afute tu, nao watatuma pesa yake yote papo hapo, bila ada. Kitenge cha rangi ya bahari kikapita mbele ya macho yake, na ndege wake wote wa njano.

"Lipeni," akaandika. "Kisha nitaandika yaliyotokea."

Simu ikalia. Pesa imeingia. Hiyo, wajukuu wa wajukuu watasimuliwa, ndiyo ilikuwa pesa ya kwanza kuonekana ikitoka Amana Royale kwa mkono wa mtu tunayemfahamu. Na Mireille, mwanamke wa neno lake, akaandika yaliyotokea, chini ya nyota ile ile moja: "Imetoka baada ya nyota hii. Bila nyota haikutoka."

Jumamosi ikafika, na Maman Agnès pamoja nayo, ana mananasi kwenye beseni na pesa ya paa imefungwa kiunoni chini ya vitenge viwili. Chumba cha juu kilijaa. Na Guylain, msidhani aliona haya! Aibu ni mbegu, nayo haioti penye saruji.

"Wandugu!" akanguruma. "Kuna waliosema pesa haitoki. Muulizeni Maman Mireille, huyu hapa! Ameomba, amelipwa! Amana Royale inalipa!"

Wakapiga makofi. Naam, walimu, mashemasi na wanasheria walipiga makofi, wakamgeukia Mireille kwa tabasamu, na yeye akatambua kwa uchungu kwamba upanga wake ulikuwa umechukuliwa na kutundikwa ukutani mwa adui kama pambo.

Guylain akainama mbele ya Maman Agnès na kumwonyesha kioo cha simu. "Maman, si nilikuambia kwenye simu? Nyota hazidanganye. Angalia mwenyewe: nne, nukta..."

Akakwama. Maman Agnès, aliyesoma madarasa machache lakini akayasoma vizuri, akasogeza miwani.

"Nane," akasema. "Wewe ulisema tisa."

"Ni... ni kitu kidogo tu, maman."

"Kidogo imeenda wapi?"

Mireille akasimama. Mumewe alikuwa akimtazama. "Ni mimi, maman. Walininyima pesa yangu mpaka nikawasema mbele ya watu. Walilipa juu ya woga. Wewe uko Idjwi, maman. Siku watakunyima, utawatisha na nini?"

Maman Agnès akatua beseni lake chini. Aligeuka polepole, akawatazama wote mmoja mmoja, kama atazamavyo fungu la mananasi akitafuta lililooza. "Nani mwingine hapa, feza yake ilishatoka?"

Mwanasheria akakagua kucha zake. Shemasi akakumbuka ana simu ya kujibu.

"Wewe Guylain, yako?"

"Maman, mimi niko na imani."

"Sikukuuliza imani. Ya imani naendaka kanisani." Akamgeukia Placide. "Na wewe mutoto wangu?"

Placide, mwenye shahada mbili, aliyeitwa professeur, alisimama. Kisha, kwa sauti ambayo Mireille hakuwa ameisikia tangu siku alipomposa, akasema, "Hapana, mama. Niliomba mara moja, kwa siri. Wakaniambia nilipe ada kwanza. Niliona haya kusema."

Maman Agnès akaitikia kwa kichwa, akakaza fundo la kitenge chake, akabeba beseni lake, akashuka ngazi. Mireille akamfuata. Placide alisimama kidogo katikati ya chumba, akitazama viti ambavyo watu wake walikuwa wamevikalia, kisha naye akashuka. Saa moja baadaye watu wa Nyawera walimwona mwalimu wa chuo kikuu akivuka barabara, tai imelegea, akishika upande mmoja wa mabati mapya na mpagazi upande wa pili, mama yake akienda mbele na kuwafokea wenye pikipiki wapishe.

Msiniulize kama ufalme ulianguka. Haukuanguka. Wale wa chumba cha juu hawakushuka. Walimalizia zaburi yao, wakaweka tena, na hata leo wengine wao huvuka barabara wakimwona Mireille, eti ana mkosi. Wapumbavu hawajawahi kupungua kwa sababu ya habari moja ya kweli, na mwandishi huyu hatawadanganyeni kwa kudai kwamba walipungua.

Lakini andikeni, enyi waandishi wa zama! Chongeni juu ya jiwe, kama mnalo. Ilikuwa nne nukta tisa, na sasa ni nne nukta nane. Kuna walioangusha ngome, kuna walioangusha wafalme. Mireille binti Zagabe, akiwa amekalia ndoo, aliangusha sehemu moja ya kumi ya nyota, na mpaka leo, pamoja na sifa zote zinazoingia kwa wakti, hakuna aliyeweza kuirudisha juu. Pigeni vigelegele, Bukavu! Pigeni, kisha shikeni simu zenu mkaombe pesa yenu itoke.